Taya lilipona, mgongo ukavunjika: kisa cha vipandikizi vya meno kwa bibi mwenye mifupa dhaifu

Kisa hiki kimetokea katika kliniki yetu, na kosa kubwa lililomo ni langu. Mgonjwa na binti yake wamekubali kiandikwe kwa sharti moja, kwamba mgonjwa asitambulike. Nimeondoa jina na mji, nimebadilisha mambo machache ya kifamilia yasiyogusa tiba, na tarehe nimezisogeza. Muda kati ya tukio na tukio nimeuacha uleule, kwa sababu kisa chote kimo ndani ya muda huo. Nitamwita Bibi, kama wajukuu zake wanavyomwita na kama sisi wenyewe tulivyoishia kumwita.

Nakiandika kwanza kwa madaktari wa meno wenzangu, kisha kwa watoto wanaowahangaikia mama zao hospitalini. Tukisikia bibi mwenye mifupa dhaifu anataka meno ya kupandikizwa, wengi wetu tunajiuliza kwanza kama taya litaishika skrubu. Taya la Bibi liliishika. Kilichovunjika kilikuwa mbali na kinywa, na kilivunjika wakati sote tumekodolea macho kinywani.

Bibi na meno yake

Alikuja mwezi Machi, akiwa na miaka 69 na uzito wa kilo 47, akishikwa mkono na mjukuu. Meno yote ya chini yalikuwa yamekwisha kung'olewa zaidi ya miaka 10 nyuma. Alikuwa na meno ya bandia juu na chini. Ya juu yalitulia, kwa kuwa kaakaa ni pana na plastiki hupata pa kunata. Ya chini yalikuwa yanaelea. Akizungumza, yananyanyuka pamoja na ulimi. Akila, punje moja ya wali ikiingia chini yake humchoma hadi machozi yamtoke. Nyumbani aliyaweka kwenye kikombe na kuyavaa wageni wakibisha hodi.

"Mwaka wa nne huu sijatafuna pweza," aliniambia.

Alikuwa akiishi kwa uji, ndizi za kuponda, mchuzi, na mkate wa kuchovya kwenye chai. Anayekula hivyo miaka minne hapati protini ya kutosha wala kalsiamu ya kutosha, na mifupa iliyokwisha dhoofika huzidi kudhoofika. Kwa hiyo sikuona kuwa ombi lake ni la urembo.

Mfupa wa taya upo kwa ajili ya meno. Meno yakiondoka, mfupa uliokuwa ukiyashika hukosa kazi na kuanza kupungua, kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Taya la chini hupungua takriban mara nne ya lile la juu. La Bibi lilikuwa limebaki kama ukingo mwembamba, na hakuna fundi wa meno ya bandia ambaye angeweza kutengeneza kitu kikatulia pale kwa kukaa juu tu.

Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka 43, mapema kuliko wanawake wengi. Hilo ni jambo kubwa. Homoni ya estrojeni ndiyo inayozizuia seli zinazomeng'enya mfupa, na ikiondoka mapema mwanamke anaongezewa miaka ya kupoteza mfupa. Akiwa na miaka 63 aliteleza uani na kuvunjika mkono karibu na kifundo. Alikuwa amesimama tu. Hakuanguka kutoka juu ya kitu. Mfupa unaovunjika kwa mwanguko wa namna hiyo kwa mwanamke wa umri huo umekwisha toa taarifa yake, hata kama hakuna kipimo kilichofanyika. Kwetu kipimo cha DEXA, eksirei ya kupima uimara wa mifupa, hakipo katika hospitali nyingi, na mkono hufungwa plasta, ukapona, habari ikaishia hapo.

Yeye alibahatika. Binti yake anaishi Muscat, akampeleka huko, akapimwa. Alama ya T, inayolinganisha mifupa yake na ya kijana mwenye afya, ilikuwa −3.3 kwa uti wa mgongo na −2.7 kwa nyonga. Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwenye −2.5: ikifika hapo au chini yake, huo ni ugonjwa wa osteoporosisi.

Haya yote sikuyajua siku ile ya kwanza.

Swali nililouliza vibaya

Fomu yetu ina mstari unaouliza: "Unatumia dawa gani?" Nikamsomea.

"Ya presha, mwanangu. Na hii ya kiungulia."

Nikaandika. Ukiitazama fomu ile, Bibi alikuwa mgonjwa mwepesi: presha imetulia, hana kisukari, havuti sigara. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuzungumzia picha za taya alipochukua kalamu kusaini, na hapo nikakiona kifundo cha mkono. Kilikuwa kimeungwa vibaya, kimebenuka nyuma kama mgongo wa uma. Nikamwuliza kilivunjika lini. Akanisimulia uani, akanisimulia Muscat, halafu kama mtu anayeongeza jambo dogo akasema, "na huko ndiko ninakochomwa ile sindano ya mifupa."

Nikamwuliza mbona hakuitaja.

"Uliniuliza dawa. Ile si dawa, ni sindano. Nachomwa mara mbili tu kwa mwaka."

Alinijibu kweli tupu. Kwake dawa ni kitu kinachokaa kwenye mfuko wa nailoni kando ya kitanda na kumezwa kila asubuhi. Usiku ule binti alinitumia picha ya kadi kwa WhatsApp. Aliwahi kumeza alendroneti ya miligramu 70 kila wiki kwa miezi michache, akaiacha kwa sababu ya kiungulia. Baada ya hapo akaanzishiwa denosumabu, miligramu 60 chini ya ngozi kila baada ya miezi 6. Alikuwa amechomwa mara 5, mara ya mwisho tarehe 20 Januari.

Dawa mbili, tabia mbili

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwani sehemu hii ndiyo iliyonigharimu.

Alendroneti na ndugu zake hunata ndani ya mfupa wenyewe. Mtu akiacha kumeza, dawa hubaki mifupani kwa miaka mingi ikiendelea kufanya kazi. Denosumabu haiingii mfupani. Ni kingamwili inayozuia ishara ya kuziamsha seli zinazomeng'enya mfupa. Ikiwapo, seli hizo zinalala. Ikiisha mwilini, baada ya miezi 6 hivi, seli zilizokuwa zikisubiri huamka zote kwa pamoja, na kwa muda mfupa humeng'enywa kwa kasi inayopita ile ya kabla ya tiba. Kwa hiyo kuchelewesha alendroneti miezi miwili ni jambo dogo, lakini kuchelewesha denosumabu miezi miwili ni kama kufungua bwawa.

Dawa zote mbili zina madhara yaleyale yanayotutisha sisi wa meno, yaani mfupa wa taya kufa na kubaki wazi. Robert Marx wa Miami ndiye aliyeandika habari zake mwaka 2003, akieleza wagonjwa 36, wengi wao wenye saratani waliokuwa wakipewa dozi kubwa kwa mshipa. Tangu hapo neno hilo limekaa vichwani mwetu. Lakini anayetibiwa saratani na anayetibiwa udhaifu wa mifupa hawabebi hatari sawa. Mwongozo wa mwaka 2022 wa chama cha wapasuaji wa kinywa na taya wa Marekani unaweka hatari kwa wanaomeza vidonge vya osteoporosisi kuwa kati ya 0.02% na 0.05%, na kwa wanaochomwa denosumabu kwa ugonjwa huohuo haizidi 0.3%. Yaani hata tukichukua namba kubwa kabisa, ni watu 3 katika 1,000.

Tulichopanga na kwa nini

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kumwachia meno yaleyale na kuyawekea tabaka laini chini, na hilo alikwisha fanyiwa mara mbili bila nafuu. Ya pili, vipandikizi viwili, yaani skrubu za titani, mbele ya taya la chini, na meno ya bandia yanayovibana kama vifungo vya shati, ambayo mwenyewe anaweza kuyatoa na kuyasafisha. Ya tatu, vipandikizi vinne au zaidi na meno yasiyotoka. Hiyo ni gharama kubwa, upasuaji mrefu zaidi na matundu mengi zaidi katika taya la mtu mwenye dawa hii.

Tulichagua ya pili. Tangu mkutano wa McGill, Montreal, mwaka 2002, wataalamu wengi wamekubali kwamba vipandikizi viwili ndicho kiwango cha chini anachostahili mtu asiye na meno ya chini kabisa. Taya la juu hatukuligusa. Mfupa wake ni laini zaidi, na meno yake ya juu hayakuwa na shida.

Skani ilionyesha kuwa kati ya matundu mawili ya mishipa ya kidevu bado kuna kimo cha milimita 14 na ganda gumu la kutosha. Sehemu hiyo ya mbele ndiyo ngumu kuliko zote katika mataya, na mara nyingi hubaki ngumu hata uti wa mgongo ukiwa umekwisha. Kipimo cha nyonga hakikupi habari za taya. Habari za taya utazipata kwenye taya.

Vitamini D ilikuwa nanogramu 13 kwa mililita, na chini ya 20 ni upungufu. Bibi anakaa ndani, anatoka na buibui, na jua la pwani halimgusi. Tulimpa uniti 50,000 kila wiki kwa wiki 8, tukaihimiza familia impe dagaa na maziwa ya mtindi. Kipimo kilipanda hadi 31.

Halafu kalenda. Sindano ya mwisho ilikuwa 20 Januari na inayofuata ilitakiwa 20 Julai. Ushauri unaokubalika ni kupasua miezi 3 hadi 4 baada ya sindano, nguvu yake ikianza kupungua, kisha kuupa mdomo wiki 6 hadi 8 za kupona kabla ya sindano inayofuata. Tukachagua 26 Mei, siku chache baada ya miezi 4 kutimia na karibu wiki 8 kabla ya Julai 20. Kwa njia hii hakuna sindano ya kuahirishwa. Nilimweleza binti kwa simu, akaelewa.

Barua kwa daktari wake wa Muscat ilikuwa iandikwe. Haikuandikwa. Nilijiambia binti ameelewa, inatosha.

Upasuaji, na harusi

Siku ya upasuaji haina mengi. Amoksilini gramu 2 saa moja kabla, ganzi ya kawaida, kusukutua kwa klorheksidini ya kuua vijidudu, ufizi ukafunguliwa kidogo iwezekanavyo. Tulitoboa polepole kwa maji baridi ya chumvi, na tundu la mwisho tukaliacha jembamba kidogo kuliko skrubu ili mfupa ubanwe. Vyote viwili vilikaza vizuri, kwa Ncm 35 na 40, kipimo cha nguvu ya kukaza skrubu. Tukavifunika kwa ufizi vilale chini yake miezi minne, badala ya kuviacha vichungulie. Tulimwambia asivae meno ya chini kwa wiki mbili. Alitikisa kichwa akikubali.

Siku ya 10 nilipotoa nyuzi, ufizi wa kulia ulikuwa mwekundu. Nikamwuliza kama amevaa meno. Akasema hapana.

Wiki ya 5, tarehe 30 Juni, ufizi wa kulia ulikuwa umefunguka. Kifuniko cha skrubu kilionekana, na kando yake ukingo wa mfupa wa kama milimita 3, mweupe. Hapakuwa na usaha wala maumivu.

Nakumbuka jinsi mikono yangu ilivyopoa. Nikaona mbele yangu picha zote nilizowahi kuoneshwa mikutanoni. Tukasafisha, tukampa klorheksidini ya kusukutua, tukamtaka aje kila wiki. Jioni nikampigia binti: "Ile sindano ya Julai tuisubirishe kidogo, mpaka hapa pafunge."

"Tusubiri kidogo"

Jeraha lilifunga. Tarehe 11 Agosti ufizi ulikuwa mzima, wa waridi, na nikapumua. Nikaandika kwenye faili: "Kidonda kimefunga vizuri. Arudi mwisho wa Septemba kwa hatua ya pili."

Nimerudi kuusoma mstari ule mara nyingi. Siku ile Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti changu, na zilibaki siku 9 ili miezi 7 itimie tangu sindano ya mwisho. Mwezi wa 7 ndio mlango. Ripoti za pingili za uti wa mgongo kuvunjika baada ya kukatiza dawa hii huanzia hapo. Kama ningemwinua kutoka kwenye kiti nikampigia binti palepale, tungekuwa tumechelewa wiki tatu tu na kisa hiki kisingekuwepo. Sikukumbuka. Kilichokuwa kikinitisha kilikuwa kimefunga, na hofu ilipoondoka sindano nayo iliondoka kichwani.

Binti alikuwa akisubiri neno langu, na Bibi akisubiri neno la binti. Daktari wa Muscat alidhani mgonjwa amepata sindano kwao, baadaye alisema ofisi yake ilipiga simu mara moja, ikajibiwa na mjukuu kwamba "daktari wa meno amesema bado."

Septemba 29 tulifungua ufizi. Kipimo cha uthabiti kilisoma 74 kushoto na 70 kulia, katika kipimo cha 1 hadi 100, na vyote viwili ni vizuri. Katikati ya Oktoba Bibi alivaa meno yanayobana. Mwezi Novemba alinitumia ujumbe wa sauti, nasikia sufuria na watoto nyuma yake: amekula pweza wa nazi, kipande kwa kipande, na hakuyatoa meno. Kliniki nzima iliusikiliza.

Ndoo ya maji

Katikati ya Desemba aliinama kuinua ndoo nusu ya maji na kusikia kitu kikikatika kiunoni. Zahanati ya jirani ikasema ni mgongo wa uzee. Akachomwa diklofenaki ya maumivu siku tatu, akapakwa dawa, akapewa mkanda.

Mwanzoni mwa Januari alikuja kwetu kubadilisha mipira ya kubania meno. Aliingia ameshika kiuno na hakuweza kulala kwenye kiti. Ndipo nikauliza mara ya mwisho kuchomwa ile sindano ilikuwa lini.

Akanitazama kwa mshangao. "Si ulisema tusubiri?"

Ilikuwa miezi 11 na nusu. Eksirei ilionyesha pingili tatu zimebonyea: ya 12 ya kifua, ya 1 na ya 3 ya kiuno. Ikilinganishwa na kadi ya Muscat, urefu wake ulikuwa umepungua sentimita 4.

Siku hiyohiyo niliandika barua ambayo ilipaswa kuandikwa mwezi Mei. Daktari wake alitaka kalsiamu na vitamini D zipimwe kwanza, kwa sababu denosumabu inaweza kuishusha kalsiamu ya damu kwa hatari. Zilikuwa sawa. Binti alipanda ndege akiwa na sindano ndani ya boksi la barafu, maana lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ilichomwa wiki ileile.

Katika majuma yale ndipo Bibi aliponiambia habari za harusi. Mjukuu wake aliolewa siku ya 8 baada ya upasuaji. "Nilivaa, mwanangu. Nisingeweza kuingia harusini na mdomo mtupu, mimi ndiye bibi wa biharusi." Akavaa jioni ile, na jioni zilizofuata, kwa sababu wageni walikaa wiki nzima. Hakuniambia kwa kuwa nilimwuliza mbele ya mkwewe.

Hali ilivyo sasa

Miezi 18 baada ya upasuaji mfupa unaozunguka vipandikizi umepungua milimita 0.5 upande mmoja na 0.8 upande wa pili, ambayo ni kawaida. Ufizi ni mzima. Amefika kilo 52. Maumivu makali ya mgongo yalichukua miezi mitatu kutulia. Kuinama kwa bega kumebaki, na hainui ndoo tena.

Uchambuzi

Nianze na lililofanikiwa, maana nisingependa mtu akifunge kisa hiki akisema vipandikizi haviwafai wanawake hawa. Tangu Per-Ingvar Brånemark alipomwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani huko Gothenburg mwaka 1965, tumejua kwamba mfupa huikumbatia titani ukiachwa utulie. Tafiti zilizokusanywa kuhusu wagonjwa wa osteoporosisi hazijaonyesha kwamba vipandikizi vyao vinang'oka zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko vya wengine. Wanahitaji muda zaidi, tundu jembamba zaidi na ufuatiliaji zaidi. Bibi alipewa vyote hivyo, na taya likafanya kazi yake.

Sasa kosa. Limejengwa kwa tabaka, na la chini kabisa ni kwamba nilikosea sababu. Nilipouona mfupa wazi, akili ilikimbilia sindano. Lakini mfupa wa taya hauitwi uliokufa kwa dawa mpaka ukae wazi zaidi ya wiki 8, na huu tuliuona wiki 6 tu, hauna usaha, ukafunga wenyewe. Ulikuwa ufizi uliopondwa na plastiki, jambo la kila siku katika kazi yetu. Angekuwa mgonjwa asiye na sindano, ningetazama ndani ya meno ya bandia kabla ya kutazama kitu kingine, nikaona alama ya kukandamiza. Jina la dawa kwenye faili lilinifunga macho.

Juu ya hilo, niliihamisha desturi ya dawa moja kwenda nyingine. Kusimamisha dawa ya mifupa kwa ajili ya meno kulizaliwa zama za vidonge, na hata kwa vidonge wataalamu walioandika mwongozo wa 2022 hawakukubaliana kama kunasaidia. Kwa denosumabu kuna upande wa pili wa mizani. Katika utafiti mkubwa wa dawa hii, uliochapishwa mwaka 2009 ukiwa na wanawake 7,868, ilipunguza kuvunjika kwa pingili kwa 68%. Baadhi yao walipoiacha walifuatiliwa, na matokeo yakatoka mwaka 2018: kasi ya kuvunjika pingili ilipanda kutoka 1.2 hadi 7.1 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka, na wengi wa waliovunjika walivunjika pingili zaidi ya moja. Weka 7 katika 100 mkono mmoja na 3 katika 1,000 mkono wa pili. Mimi nilikimbia kile chepesi nikamtwisha Bibi kile kizito, kwa sababu chepesi kingetokea kinywani, mikononi mwangu, na kizito kingetokea mgongoni, kwa daktari mwingine.

Sentensi iliyo juu nimeiandika kwa uchungu, na naamini ndiyo kiini. Sikupiga hesabu ya mgonjwa. Nilipiga hesabu ya idara yangu.

Kisha neno "tusubiri". Lilisemwa bila tarehe na bila mwenye jukumu la kulimaliza. Katika familia zetu neno la daktari lina uzito. Binti mwenye adabu halipingi, na mama mwenye subira ataendelea kusubiri. Hakuna aliyezembea kwao. Walitii.

Kuhusu meno siku ya harusi, wapo wenzangu waliosema mgonjwa alidanganya. Sikubaliani. Nilimwuliza mwanamke wa miaka 69, mbele ya mkwewe, kama amekaidi agizo, nikitegemea aseme ndiyo. Tena nilimnyima meno wiki mbili bila kuuliza ana shughuli gani katika wiki hizo mbili. Swali la dakika moja mwezi Mei lingetufanya tusogeze tarehe siku chache, au tumchimbie meno yale ya zamani yasiguse kidonda, akaenda harusini kwa heshima yake.

Yupo pia mwenzangu ninayemheshimu aliyesema nisingempasua kabisa, yote haya yasingetokea. Ni kweli yasingetokea. Bibi angekuwa na mgongo wake na uji wake. Nimemwuliza mwenyewe. Alisema angechagua vyote viwili, meno na mgongo, na kwamba vyote viwili viliwezekana. Yuko sahihi. Mpango wa Mei ulikuwa na nafasi ya vyote viwili. Ni mimi niliyeuacha.

Tuliyobadilisha

Mstari wa fomu sasa unauliza: "Unameza nini, unachomwa sindano gani, unawekewa dripu gani, hata kama ni mara moja kwa mwaka?" Kwa wanawake waliopita ukomo wa hedhi tunauliza kama wamewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka tu, na tunawatazama vifundo vya mikono. Mwenye umri kama huo anaulizwa faraghani, jamaa wakiwa nje.

Kwa anayechomwa denosumabu, tarehe ya sindano inayofuata inaandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la faili, na barua inakwenda kwa daktari wake kabla kiti hakijalazwa. Hatuahirishi sindano. Tukiona mfupa wazi tunampigia daktari wa mifupa siku ileile na uamuzi tunaufanya pamoja, tarehe ikiwa imetajwa.

Bibi ataendelea kuchomwa kila Januari na Julai kwa sasa. Daktari wake anakusudia siku moja kumhamishia kwenye zoledroniki asidi kwa dripu, dozi ya kulinda mfupa wakati denosumabu inaondoka, na ametuandikia kutuomba tumkague kinywa miezi miwili kabla ya siku hiyo. Barua yake imebandikwa ndani ya faili, ukurasa wa mbele.